"Sisi Sote ni Wapangaji": Uhakiki wa Sitiari Moja ya Mimbarini katika Jiji la Dar es Salaam

1. Utangulizi

Waamini wa Dar es Salaam wamezoea kusikia mimbarini, hasa siku za mazishi, kwamba hapa duniani sisi sote ni wapangaji. Mhubiri husimama karibu na jeneza, akawakumbusha wafiwa kwamba mwili ni nyumba ya kupanga, kwamba mkataba una mwisho wake, na kwamba Mwenye nyumba akija hakuna wa kumzuia. Maneno hayo hupokelewa kwa vichwa vilivyoinama na kwa "Amina". Yamezoeleka mno, hata hakuna anayeuliza yametoka wapi, wala yanamwambia nini mtu aliyeketi pale kwenye benchi ambaye ni mpangaji hasa, si kwa mfano.

Makala hii yakusudia kuihakiki sitiari hiyo. Tutauliza mambo matatu ambayo mhakiki yeyote wa fasihi huyauliza akutanapo na sitiari: imechotwa katika maisha gani? Inasemwa na nani kwa nani? Inamtaka msikilizaji afanye nini? Tutaanza na maisha ya mji, kisha tutaingia katika Maandiko, kisha katika Katekisimo, na mwishoni tutazitazama desturi za sharika zetu. Hoja yetu ni moja: neno ambalo Maandiko hulitumia kumzuia mwenye mali, mimbari zetu za mjini hulitumia kumtuliza asiye na mali. Geuzo hilo linaharibu mahubiri, na linawaumiza watu.

2. Mpangaji katika maisha ya mji

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Yaani katika miaka kumi mji uliongezeka watu zaidi ya milioni moja. Kila mmoja wao alihitaji mahali pa kulaza kichwa usiku ule ule aliofika, na ni wachache waliofika wakiwa na kiwanja. Wengi walianza kwa kulala kwa ndugu, sebuleni au ukumbini, kisha wakatafuta chumba.

Chumba hicho, kwa miaka mingi, kimekuwa katika ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi ukipita katikati kutoka baraza ya mbele hadi uani, na huko uani kuna jiko, bafu na choo vya watu wote. Kila chumba ni nyumba ya familia moja. Pazia hugawa chumba sehemu mbili: nyuma yake kitanda cha wazazi, mbele yake makochi, ndoo za maji na mahali pa watoto kulala. Wapangaji hupeana zamu ya kufagia uwanja na kuosha choo. Hununua umeme wa mita moja kwa kuchangishana, na katika mchango huo hutokea ugomvi, kwa kuwa mmoja ana friji na mwingine ana taa tu. Mwenye nyumba, au mama mwenye nyumba, mara nyingi hukaa katika chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, au hukaa mbali na kuja siku za kodi.

Kodi hailipwi kwa mwezi. Desturi ya mji ni miezi sita kwa mkupuo, pengine mwaka mzima, na juu yake dalali aliyeonyesha chumba hudai malipo ya mwezi mmoja. Mama lishe na mchuuzi wa nguo Kariakoo hupata fedha kwa siku. Kibarua wa ujenzi hupata kwa siku. Wote hao hulipa kwa nusu mwaka. Pengo hilo kati ya pato la siku na deni la nusu mwaka ndilo linaloeleza mambo mengi tuyaonayo katika sharika: mshiriki anayetoweka miezi miwili kisha akarudi, kijana anayehama kutoka Manzese kwenda Mbagala bila kuaga, mama anayekopa katika vikundi vitatu kwa wakati mmoja, mtoto anayebadilishiwa shule katikati ya mwaka.

Lugha ya mji nayo inashuhudia. Kitenzi "kupanga" kina maana mbili za kawaida: kuweka vitu katika utaratibu, na kukaa katika nyumba ya mtu kwa kodi. Maana hizo mbili zimesambaa katika maisha yote ya mjini. Kijana husema anajipanga. Wakubwa wa serikali huzungumzia mipango miji. Mwaka 2021, wachuuzi walipoondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa katika maeneo mengine, tendo hilo liliitwa kuwapanga machinga. Basi mtu wa mjini amepanga, anajipanga na anapangwa. Neno moja linabeba jitihada yake na pia udhaifu wake mbele ya wale wenye uwezo wa kumpanga. Mhubiri anapolichukua neno hili, achukue na uzito wake wote.

Tena yako maswali mawili yaulizwayo mjini kila siku: "Unakaa wapi?" na "Kwenu wapi?" Majibu yake ni tofauti. Mtu anakaa Tandika, lakini kwao ni Njombe, Bukoba au Machame. Hata aliyezaliwa Dar es Salaam husema "nyumbani" akimaanisha kijiji cha babu yake. Mjini mtu anakaa tu. Hali hiyo inafanana mno na mahubiri ya mazishi tuliyoyataja, na ndiyo sababu sitiari ya mpangaji hupokelewa kwa wepesi: msikilizaji ameshaizoea fikra kwamba hapa alipo si kwake.

3. Hali hii haikushuka kutoka mbinguni

Hatari ya kwanza ya sitiari yetu ni kwamba inaufanya upangaji uonekane kuwa hali ya asili, kama mvua na jua. Lakini upangaji wa Dar es Salaam una historia. Wakati wa utawala wa kikoloni mji uligawanywa kwa rangi, na mgawanyo huo ungali hai katika lugha yetu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mwafrika alikubaliwa mjini kama mkono wa kazi, wala hakutarajiwa kufanya mji kuwa kwake. Baada ya Uhuru serikali ililiona jambo hilo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Katika miaka ya 1970 vilipimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese iliingizwa katika mpango wa kuboresha makazi. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa.

Hatuandiki hapa historia ya makazi, wala hatudai kwamba kila hatua ya serikali ilifanikiwa. Twataka tu kuonyesha kwamba mahali pa mpangaji katika mji huu pamewekwa na maamuzi ya watu, na maamuzi hayo yamebadilika zaidi ya mara moja. Jambo lililoamuliwa na watu haliwezi kuhubiriwa kana kwamba ni maumbile.

Isitoshe, mji umewafundisha hata wenye nyumba kwamba mlango wao si imara kama walivyodhani. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Alama ya X ya rangi nyekundu ukutani imekuwa maandishi yanayosomwa na kila mtoto wa Dar es Salaam. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ya nchi ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Aliye na hati ana haki ya kuitumia kwa muda. Kwa lugha ya sheria, basi, mwenye nyumba naye ni mpangaji wa namna fulani. Jambo hili litatusaidia tutakapoufikia mwaka wa yubile.

4. Wageni na wakaaji katika Maandiko

Wahubiri wetu hawakulibuni wazo hili. Limo katika Biblia, nasi hatuna budi kuuliza linasemwa na nani kwa nani.

Mahali pa kwanza ni Mwanzo 23. Sara amekufa. Ibrahimu anasimama mbele ya wana wa Hethi, anajieleza kuwa mgeni na mkaaji kati yao, naye anaomba mahali pa kumzika mkewe. Maneno ya Kiebrania ni ger na toshav: la kwanza ni mtu aliyetoka kwingine, la pili ni mtu anayekaa mahali pasipo urithi wake wa ardhi. Kiswahili cha mjini kingeweza kabisa kulifasiri la pili kuwa mpangaji. Twaona kwamba hata hapa tuko msibani, kama katika mahubiri yetu. Lakini Ibrahimu haitumii hali yake ya ugeni kujifariji kwamba hakuna haja ya kuwa na mahali. Anakataa kupewa bure. Anataka bei kamili itajwe, anapima shekeli mia nne za fedha mbele ya mashahidi langoni pa mji, na shamba pamoja na pango na miti yake vinathibitishwa kuwa vyake mbele ya watu wote. Mgeni wa kwanza katika Biblia kujiita hivyo anadai mkataba wenye mashahidi.

Mahali pa pili ni Walawi 25:23. Hapo Mungu anasema kwamba nchi isiuzwe moja kwa moja, kwa sababu nchi ni yake, nao Waisraeli ni wageni na wakaaji pamoja naye. Maneno ni yale yale mawili, ger na toshav. Wanaambiwa nani? Wanaambiwa watu wanaokaribia kumiliki nchi. Inatoka amri gani? Kwamba mwaka wa yubile kila mtu airudie milki yake, na kwamba ndugu aliyefukarika asaidiwe apate kuishi pamoja nao. Hapa ndipo sitiari ya mpangaji inapopata makali yake yote. Mungu hamwambii fukara, "Tulia, sote ni wapangaji." Anamwambia mwenye shamba, "Wewe ni mpangaji wangu, kwa hiyo huwezi kumfanyia nduguyo upendavyo."

Mahali pa tatu ni 1 Mambo ya Nyakati 29:15. Anayekiri kwamba sisi ni wageni na wakaaji ni mfalme Daudi, wakati ametoa dhahabu na fedha nyingi kwa ajili ya hekalu. Mfalme anajishusha mwenyewe. Mahali pa nne ni Zaburi 39:12, ambapo mtu aliye katika mateso anamwambia Mungu kwamba yeye ni mgeni kwake, na kwa sababu hiyo anamtaka asiyanyamazie machozi yake. Mgeni ana haki kwa mwenyeji wake. Mtunga zaburi anaidai haki hiyo kwa Mungu.

Agano Jipya lafuata njia hiyo. Waebrania 11 yatuonyesha Ibrahimu akikaa katika hema na kuutazamia mji wenye misingi, na Waebrania 13 yasema hatuna mji wa kudumu hapa. Wahubiri wetu huupenda mstari huo, Waebrania 13:14. Lakini sura hiyo hiyo imefunguliwa kwa agizo la kuwakaribisha wageni, na mara baada ya kusema hatuna mji wa kudumu inaagiza kutenda mema na kushirikiana mali. Waraka wa Kwanza wa Petro, unaowaita wasomaji wake wageni na wapitaji, unawataka wakaribishane pasipo manung'uniko (4:9). John H. Elliott, mtaalamu wa Agano Jipya kutoka Marekani, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya waraka huo kwamba neno la Kiyunani paroikos lilikuwa jina la tabaka halisi la watu katika miji na vijiji vya Dola ya Rumi: wakaaji wasio na haki za raia. Si kila mtaalamu aliyekubaliana naye katika yote. Hata hivyo baada yake ni vigumu kulisoma neno hilo kama jambo la roho peke yake. Petro aliwaandikia watu waliojua maana ya kukaa pasipo pao, akawaambia kwamba wao wenyewe ni mawe ya nyumba ya Mungu.

Tukiyakusanya yote hayo twaona utaratibu. Katika Maandiko, aliye na nyumba hujiita mpangaji mwenyewe, au huitwa hivyo na Mungu, ili mkono wake ulegee. Asiye na nyumba akijiita mpangaji, hufanya hivyo ili adai: kaburi, haki, kusikilizwa. Katika mahali hapa tulipopapitia hatukuona hata pamoja ambapo mtu mwenye nyumba anamwambia asiye na nyumba, kwa kumtuliza, kwamba wote wawili ni wapangaji.

5. Matumizi mawili mabaya

Tukirudi mimbarini twakuta matumizi mawili ya sitiari hii, nayo yanapingana.

Matumizi ya kwanza ndiyo tuliyoanza nayo. Hapo upangaji ni fumbo la ufupi wa maisha. Kosa lake si uongo. Kwa kweli maisha ni mafupi. Kosa lake ni kwamba linafuta tofauti kati ya mwenye vyumba sita na mwenye kimoja. Mwenye nyumba aliyeketi katika benchi la mbele anasikia neno la kifo, anatikisa kichwa, na jioni anakwenda kukusanya kodi aliyoipandisha bila taarifa. Mpangaji wake aliyeketi nyuma anasikia kwamba tatizo lake ni la wanadamu wote, kwa hiyo halina mtu wa kuulizwa. Mahubiri yaliyopaswa kuwa sheria kwa mmoja na faraja kwa mwingine hayakuwa sheria wala faraja kwa yeyote.

Matumizi ya pili yamepata nguvu katika mahubiri ya mafanikio. Hapo upangaji ni laana. Mhubiri hutangaza kwamba mwaka huu ni mwaka wa kuacha kupanga, kwamba msikilizaji atashika funguo za nyumba yake, ilimradi apande mbegu ya imani kwa sadaka. Hatuna budi kukiri sababu ya mvuto wa mahubiri hayo: yanamchukua mpangaji kama mpangaji hasa, yanajua kwamba kodi ya Juni inamkosesha usingizi tangu Aprili. Katika hilo yanaijua hali yake kuliko mahubiri yetu mengi. Lakini yanauza ahadi ambayo Mungu hakuitoa, yanaifanya neema kuwa bidhaa, na yule ambaye mwaka unakwisha angali amepanga anabaki na jeraha la pili, kwamba imani yake ilikuwa haba.

Fasihi yetu nayo imewahi kutoa dawa ya tatu, yaani kuuacha mji. Katika Utubora Mkulima ya Shaaban Robert mhusika mkuu anaiacha kazi ya mjini na kwenda kulima. Mimbari zetu zilirithi mtazamo huo kwa muda mrefu: mji ni Sodoma, kijiji ni Edeni. Lakini wengi wa wasikilizaji wetu hawana shamba la kurudia, na wale wa kizazi cha pili hawana lugha ya kurudi nayo. Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliopelekwa Babeli kinyume cha mapenzi yao, akawataka wajenge nyumba, wapande bustani, na kuutafuta usalama wa mji waliomo (Yer. 29:5-7). Kwa wakaaji wa mji ambao katika jina lake limo neno la salama, agizo hilo halihitaji ufafanuzi mrefu.

Kuna pia Hagai. Sura ya kwanza ya kitabu chake husomwa sana wakati wa kuchangisha ujenzi wa kanisa: je, ni wakati wa ninyi kukaa katika nyumba zilizopambwa, huku nyumba ya Bwana imeharibika? Swali hilo ni la haki likielekezwa kwa aliyepamba nyumba. Likielekezwa kwa mama mwenye chumba kimoja na pazia, ambaye kadi yake ya ahadi ina jina lake na kiasi alichopangiwa, nabii anakuwa amesomwa kwa mtu asiye wake.

6. Nyumba katika Katekisimo

Walutheri tuna ulinzi dhidi ya makosa hayo yote, nao tunafundishwa tangu kipaimara. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther akieleza kifungu cha kwanza cha Imani, anaitaja nyumba miongoni mwa vitu ambavyo Mungu humpa mtu kila siku. Akieleza ombi la nne la Sala ya Bwana, anauliza mkate wa kila siku ni nini, na katika orodha yake nyumba imo pamoja na chakula na mavazi. Imo pia serikali njema, wamo na majirani wema. Basi kila mpangaji anaposali Sala ya Bwana anaiombea kodi yake, na kila mwenye nyumba anaposali sala hiyo hiyo anamwombea mpangaji wake. Hivi ndivyo tunavyopaswa kuwafundisha watoto wetu wa kipaimara walio mjini, na kuwaeleza kwa nini Luther aliwataja majirani.

Katika Katekisimo Kubwa, kwa amri ya saba, Luther hasemi juu ya kibaka peke yake. Anawasema wale wanaoiba wakiwa wameketi vitini kwa heshima, wakiitwa watu wema, huku wakimkamua jirani kwa njia inayoonekana halali. Kudai kodi ya mwaka mzima kwa mtu anayelipwa kwa siku kunaweza kuwa halali. Torati ilijua kwamba maskini huishi kwa siku, kwa hiyo iliagiza ujira wa kibarua usilale hadi asubuhi (Law. 19:13) na alipwe kabla jua halijatua (Kum. 24:15). Sheria ya Mungu iliufuata mwendo wa maisha ya maskini. Mkataba wa chumba unamtaka maskini aufuate mwendo wa mwenye nyumba. Mhubiri asiye na neno la kusema juu ya tofauti hiyo hajamaliza kuifundisha amri ya saba.

Hatusemi kwamba kila mwenye nyumba ni dhalimu. Katika mitaa yetu wengi wa wenye nyumba ni wajane na wastaafu ambao kodi za vyumba vitatu ndizo pensheni yao, na wengi wamewavumilia wapangaji waliofiwa au kuugua. Luther mwenyewe aliishi katika jengo la monasteri alilopewa na mtawala wake, na Katharina mkewe alipokea humo wanafunzi waliolipia malazi na chakula. Kupangisha ni wito kama wito mwingine. Kwa kuwa ni wito, una haki zake na una hukumu yake, nao unastahili kuhubiriwa.

7. Usharika kama mwenyeji

Neno "parokia", walitumialo ndugu zetu Wakatoliki, limetoka katika neno lile lile la Kiyunani, paroikia, yaani makazi ya wageni. Sisi twasema "usharika", neno lenye maana ya kushirikiana. Maneno hayo mawili yangefaa yasomwe pamoja: la kwanza lasema sisi ni nani katika mji huu, la pili lasema tufanye nini kwa kuwa ndivyo tulivyo. Tukilipima hilo kwa desturi zetu, mambo matatu yanajitokeza.

La kwanza ni jumuiya za nyumba kwa nyumba. Ratiba ya jumuiya huzunguka katika nyumba zenye sebule. Mwenye chumba kimoja huachwa, mara nyingi kwa huruma, ili asiaibike. Matokeo yake ni kwamba wapo washiriki wa miaka kumi ambao mlango wao haujawahi kufunguliwa kwa Neno la Mungu, na majirani wao wa vyumba vitano vingine hawajui kwamba ni Wakristo. Lakini nyumba ya Kiswahili ina ukumbi na ina uwanja wa uani. Penye msiba, wapangaji wa dini zote hutandika mikeka hapo na kukesha pamoja. Panapotosha kwa msiba panatosha kwa ibada, mradi majirani waombwe ruhusa.

La pili ni usharika wenyewe kama mpangishaji. Sharika nyingi za mjini zimejenga fremu za maduka ukutani mwa kanisa, na baadhi zina nyumba na hosteli. Mikataba ya fremu hizo ni mahubiri yanayosomwa siku saba za wiki. Baraza la wazee linalodai kodi ya mwaka mzima mkononi, na kumwondoa mshona viatu kwa taarifa ya siku chache, halitaaminiwa litakapozungumza juu ya Walawi 25. Linaloweza kupokea kodi kwa mwezi na kuandika taarifa ya kutosha katika mkataba, limeshaihubiri sura hiyo.

La tatu ni maandalizi ya wachungaji. Mchungaji wa mjini kwa kawaida hukaa katika nyumba ya usharika, bila kodi, kwa hiyo sitiari ya mpangaji ni nyepesi kinywani mwake. Wanafunzi wa theolojia wanaokwenda mazoezini Dar es Salaam wangefaidika kuketi na wapangaji na wenye nyumba, kusoma mkataba wa chumba neno kwa neno, na kujua ofisi ya serikali ya mtaa inasuluhisha ugomvi gani na inauacha upi, kabla ya kuandika hotuba moja juu ya Waebrania 13.

8. Hitimisho

Hatupendekezi sitiari ya mpangaji iachwe. Ni ya Biblia, ni ya kweli, na katika Kiswahili cha mjini ina nguvu ambayo "wageni na wasafiri" wa lugha ya zamani hawana tena. Twapendekeza itumiwe kwa utaratibu wa Maandiko. Isemwe kwanza kwa aliye na nyumba, akumbushwe kwamba hata hati yake ina muda na kwamba Mwenye nchi anauliza habari za ndugu yake. Asiye na nyumba aruhusiwe kuisema mwenyewe, kama Ibrahimu langoni na mtunga zaburi kitandani, nasi tumsikilize anadai nini. Na siku ya mazishi ya mpangaji, kabla mwili haujaanza safari ya kwao, mhubiri aulize pale uani kama kodi ya chumba cha mjane imelipwa hadi lini, na wazee wa kanisa wawe na jibu.

Swali hilo lina mahali pake katika ibada. Yakobo, akiandika juu ya dini iliyo safi, alianza na yatima na wajane katika dhiki yao (Yak. 1:27), na katika mji wetu dhiki ya mjane huanza tarehe ya kodi.